Wape Namba Kikosini, Si Makofi ya Huruma

Kila msimu wa michezo ya shule za upili, stori ni zile zile. Nani atabeba kaunti, nani ameleta mamluki, straika gani wa Kidato cha Nne ana ndevu kuliko kocha wake. Sawa, hiyo ndiyo raha yake. Lakini kuna kitu hakiulizwi: mbona kwenye raga, voliboli, kandanda, handiboli na mengine yote, mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili haonekani? Hata benchi hayuko.

Kwanza tuelewane, maana watu huchanganya. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Ni mtu ambaye tangu utotoni, kujifunza na kujisimamia katika mambo ya kila siku humchukua muda mrefu kuliko wenzake. Anaweza kushindwa kusoma ubao lakini akachonga krosi ambayo winga wenu hajawahi kuiona. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 900,000 wenye ulemavu wa aina mbalimbali, na hao ni waliohesabiwa tu. Sisi wa mtaani tunajua kuna watoto husukumwa chumba cha ndani mgeni akibisha.

Marekani hii stori ni ya kitambo. Julai 1968, Eunice Kennedy Shriver alianzisha Special Olympics kwa michezo ya kwanza pale Soldier Field, Chicago. Miaka ya 1980 ikaja Unified Sports, yaani wenye ulemavu wa akili na wasio nao wanacheza timu moja, jezi moja. Leo shule nyingi za upili kule zina timu kama hizo, na ratiba, na marefa wanaopuliza filimbi kwelikweli. Kilichonipendeza ni hesabu yake. Mpira wa vikapu una watano uwanjani: watatu wawe wenye ulemavu wa akili, wawili wenza. Soka ya wachezaji saba ni wanne kwa watatu. Hiyo hesabu iko kwenye kanuni, si hiari ya kocha. Unajua kwa nini? Kwa sababu kocha mwenye njaa ya kombe akiachwa aamue mwenyewe, hao wanne watakaa benchi mpaka dakika ya mwisho, timu ikiwa inaongoza sita bila.

Na hapo ndipo kuna klipu moja ya zamani. Februari 2006, Rochester, jimbo la New York, kijana mwenye usonji anayeitwa Jason McElwain aliingizwa uwanjani dakika nne hivi zikibaki. Hakuwa mchezaji, alikuwa meneja wa timu ya shule. Akafunga pointi 20. Mashabiki wakavamia uwanja, na wiki chache baadaye hata Rais George W. Bush akakutana naye. Usonji na ulemavu wa akili ni vitu viwili, lakini video hii ndiyo watu hukuonyesha ukitaja mada hii. Mimi huipenda pia, siwezi kukudanganya. Shida yake ni kwamba ni mechi moja, ya mwisho ya msimu nyumbani. Tunalia, tunasambaza, tunaendelea na maisha. Kupewa namba ni kitu kingine: unatokea mazoezini Jumanne, unazomewa ukikosa pasi, Ijumaa unacheza tena.

Sasa, kwani sisi hatuwezi kunakili tu? Hapana, na sababu ni ya mpangilio. Katika mfumo wa CBC, wanafunzi wengi wenye ulemavu wa akili hawafuati magredi kama wengine. Wana mkondo wao wa hatua: msingi, kati, matayarisho ya ufundi, kisha ufundi wenyewe. Kwa hivyo Gredi 10 ya kwanza ilipoingia sekondari pevu Januari 2026, wao hawakupanda basi hilo. Wako katika shule maalum kama Jacaranda hapa Nairobi, au katika vitengo ndani ya shule za msingi. Ukitangaza leo timu ya pamoja katika shule ya upili, hao wenza wataungana na nani? Jamaa yuko kilomita tatu kutoka hapo, nyuma ya ua mwingine.

Sheria haijakosekana. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya elimu iliyounganishwa na jamii kadiri inavyolingana na maslahi yake, na mwaka wa 2025 tulipata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu. Special Olympics Kenya nao wamepeleka wanamichezo Abu Dhabi 2019 na Berlin 2023. Lakini hilo ni shirika linafanya kazi yake. Kalenda ya michezo ya shule ni kitu kingine.

Mimi ningeanza kwa kuoanisha. Sekondari pevu moja, shule maalum moja jirani, soka ya saba, uwanja wa yeyote mwenye nyasi. Tena sekondari pevu ina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Hao wanafunzi wanahitaji kujifunza ukocha na urefa kwa vitendo. Haya, kazi hiyo hapo. Walimu wakuu watasema pesa hakuna, na hawadanganyi: mgao rasmi wa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka wamelalamika mara nyingi kuwa haufiki wote. Lakini mechi za jirani kwa jirani hazihitaji basi la kwenda Kakamega.

Kinachoniogopesha zaidi ya pesa ni kombe. Michezo ya Walemavu ya Sydney 2000, Uhispania walishinda dhahabu ya mpira wa vikapu kwa wenye ulemavu wa akili, kisha ikabainika kuwa 10 kati ya wachezaji 12 hawakuwa na ulemavu huo. Adhabu ikaangukia wasio na hatia: kitengo chao kikatolewa katika michezo hiyo, wakarudi London 2012. Miaka 12! Sasa fikiria sisi, nchi ambayo mtu mzima huvaa sare ya shule ili acheze nusu fainali. Ukileta zawadi kabla ya kuleta uhakiki, kuna shule itamfundisha straika wake kujifanya.

Halafu kuna umri. Kijana aliye hatua ya ufundi anaweza kuwa mkubwa kuliko mwanafunzi wa kawaida wa sekondari, ilhali michezo yetu ya shule ina kikomo cha umri kilichowekwa kuzuia wale wenye ndevu. Kikomo hicho kikitumika jinsi kilivyo, kitawafungia nje vijana hawa kabla hata kocha hajawaona wakigusa mpira. Special Olympics wanaruhusu kuanzia miaka 8, na juu hakuna mwisho. Atakayeandika kanuni za timu za pamoja aanzie kwenye kipengele hicho.