Mavazi ya Kwendea Gwaride la Eldoret

Mzazi mmoja wa hapa Mombasa ametutaka tumweleze mavazi yampasayo mama yake mzee, watakapokwenda Moi Barracks, Eldoret, kumwona kijana wao katika gwaride la kufuzu kwa makurutu. Swali hili si dogo kama wengine watakavyodhani, nasi twalijibu mbele ya wasomaji wote kwa kuwa tuna deni shingoni.

Miaka iliyopita tulifuatana na jamaa zetu kwenda kwenye gwaride kama hilo. Nyanya yake kijana alituuliza kabla ya safari kama achukue sweta. Tukacheka, tukamwambia: "Bibi, baridi iko Ulaya, Eldoret ni Kenya hii hii." Akaenda na buibui lake jepesi, mtandio wa shashi na makubadhi. Saa moja asubuhi tulikwisha keti uwanjani, na mgeni wa heshima yu mbali bado. Ilipofika saa tatu, midomo ya bibi ilikuwa ikitetemeka hata hawezi kusema. Akachukuliwa garini, akafunikwa blanketi la dereva. Mjukuu aliyemlea tangu yu mchanga akapita mbele ya jukwaa, naye hakuwako. Alipona, alhamdulillahi, wala hakutulaumu. Lakini sisi twajua ni nani aliyemnyima siku ile.

Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, nasi bahari iko miguuni petu. Kwa kila mita 1,000 mtu apandazo, joto la hewa hupungua kwa digrii 6 hivi. Kwa hiyo usiku ambao hapa twalala madirisha wazi, kule huteremka kufika digrii 10 au karibu yake, na miezi ya Juni mpaka Agosti ndiyo mibaya zaidi. Tena basi la usiku hupita Timboroa, ambako ni juu kuliko Eldoret yenyewe; basi mavazi na yavaliwe kabla ya kuondoka Nairobi, yasifungwe sandukuni.

Nguo moja nzito haifai kama nyepesi tatu zilizopandana, kwa sababu hewa iliyokaa baina yake ndiyo izuiayo baridi. Mama avae fulana ya mikono mirefu, juu yake sweta ya sufu, kisha buibui pana lifunike yote. Sitara yake haipungui hata kidogo. Chini avae suruali nzito ndani ya gauni. Wanaume nao wasitegemee kanzu na kizibao. Jua la mchana kule ni kali, na mwenye nguo tatu aweza kuvua moja.

Miguu ndiyo isahauliwayo. Soksi za sufu na viatu vya kufunika, visivyobana, maana kiatu kikibana damu haipiti vizuri. Mwenye kuchelea maji ya baridi ya udhu na atafute khuffu za ngozi (wala si khofu ya kuogopa, enyi vijana wetu!). Akizivaa akiwa na udhu kamili, msafiri ana ruhusa ya kupangusa juu yake siku tatu na nyusiku zake. Soksi nyepesi hazishiki nafasi hiyo katika madhehebu yetu ya Shafi.

Uwanjani, mzee asiketi juu ya saruji tupu. Akalie shali iliyokunjwa, na apewe chai moto. Akiacha kutetemeka ilhali mwili ungali baridi na maneno yanamlegea, msidhani amepata nafuu. Hiyo ni hatari. Apelekwe kwa daktari upesi.

Liko jambo moja lituogopeshalo kuliko gwaride lenyewe. Wageni hukodi chumba, wakaona baridi, wakaingiza jiko la makaa na kufunga mlango. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na watu hulala wasiamke. Ongezeni mablanketi, jiko libaki nje.

Ama huyo mzazi aliyetuuliza, mitumba ya Kongowea ina sweta za sufu tele. Na amnunulie mama yake mbili, wala asimwulize kama azitaka, kwani atajibu hana haja nazo.