Njia Kuu ya Umeme Kibiti: Umeme Upozwe Wapi?

Kila inapotajwa njia kuu ya umeme itakayopita karibu na makazi, hofu ya kwanza ya kiafya huwa moja: je, nyaya hizo huleta saratani? Hofu hiyo ni halali na inastahili jibu la wazi. Hata hivyo, kwa wakazi wa Kibiti na delta ya Rufiji lipo swali zito zaidi ambalo huachiwa wahandisi peke yao, nalo ni mahali umeme huo utakapopozwa.

Tuanze na saratani. Mwaka 2002 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka uga sumaku wa umeme wa aina hii katika kundi la 2B, yaani mambo ambayo huenda yakasababisha saratani kwa binadamu, ingawa ushahidi ni finyu. Ushahidi huo ulihusu hasa saratani ya damu kwa watoto waliokuwa wakiishi katika nyumba zenye wastani wa uga unaozidi mikrotesla 0.3 hadi 0.4. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipitia suala hilo upya na kuona kuwa uhusiano huo wa kitakwimu hautoshi kuthibitisha chanzo, lakini pia hautoshi kupuuzwa. Uga wenyewe hupungua haraka. Kwa kawaida, mita 50 hadi 100 kutoka kwenye nyaya hulingana na ule wa mahali pasipo na njia kuu. Basi mkuza ukiheshimiwa, na shule na nyumba zikiwekwa nje yake kwa nafasi ya kutosha, hofu hii haipaswi kuusimamisha mradi.

Kinachoua kwa hakika ni kuzikaribia nyaya. Umeme wa msongo mkubwa huruka hewani, na mtu hahitaji kuugusa waya ili aungue. Katika vijito vya delta hatari hiyo ina sura yake. Kimo cha nyaya kikipimwa maji yakiwa yamekupwa, mlingoti wa mashua inayopita wakati wa bamvua utakuwa karibu nazo kuliko mchoro unavyoonyesha.

Njia ya kilovoti 400 kati ya Somanga Fungu, wilayani Kilwa, na Kinyerezi, Dar es Salaam, imekuwa katika mipango ya taifa kwa miaka mingi. Njia ya namna hiyo haina budi kuuvuka mto Rufiji, na hapo hakuna chaguo jepesi. Upande wa mashariki kuna mikoko ya delta, hekta zinazokaribia 53,000, ndani ya eneo oevu la Rufiji, Mafia na Kilwa lililotambuliwa kimataifa mwaka 2004. Bondeni kuna mafuriko. Yale ya Aprili 2024 yaliwakosesha makazi watu wengi wa Rufiji na Kibiti. Inabaki miinuko, na miinuko ndiko waliko watu. Wengine walihamishiwa huko na serikali mwishoni mwa miaka ya 1960, katika Operesheni Rufiji, baada ya mafuriko ya wakati ule. Kuna mikorosho, kuna minazi, kuna makaburi. Kaya iliyokwisha kuhamishwa mara moja kwa sababu ya maji haiwezi kuombwa ihame tena kwa sababu ya nyaya bila fidia inayolipwa kwa wakati. Mkulima anayethaminiwa mali yake na kuzuiwa kuliendeleza shamba, kisha akasubiri malipo kwa miaka, hupata madhara ya kiafya yasiyopimwa kwa mikrotesla: hukosa chakula, usingizi na karo ya watoto.

Turudi kwenye kupoza. Transfoma ya kijiji haitundikwi kwenye waya wa kilovoti 400. Panahitajika kituo kikubwa cha kuushusha msongo huo, ndipo nyaya za kilovoti 33 zitoke kwenda wilayani na vijijini. Pasipo kituo, umeme hupita juu ya paa la zahanati kama wingu lisilonyesha. Rufiji inaujua mfano ulio karibu. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwezi Februari 2024, na njia yake kuu ya kilovoti 400 ilielekezwa kaskazini, Chalinze. Kwa gridi ya taifa uamuzi huo ulikuwa sahihi. Lakini unaonyesha kwamba kuwa karibu na chanzo cha umeme, au na nyaya zake, si sawa na kuupata.

Mama anayepata uchungu pingamizi katika kijiji cha delta husafiri kwa boti, akitegemea maji kujaa, hadi nchi kavu, kisha kwa gari. Akifika, anahitaji chumba cha upasuaji chenye mwanga usiokatika, damu iliyohifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 6, na oksijeni. Sola hutosha kwa jokofu la chanjo na taa za zahanati ya kisiwani, na huko ndiyo njia ya busara kuliko kukata mikoko ili kusimika nguzo kwenye matope. Kuendesha chumba cha upasuaji, mashine ya kutakasa vifaa na mtambo wa oksijeni usiku kucha ni jambo jingine. Vituo vinavyopokea rufaa kutoka delta vinahitaji umeme wa gridi ulio imara.

Wapo watakaosema kituo cha kupoza ni ghali, na kwamba kinaweza kuongezwa baadaye. Ni ghali kweli. Lakini kutenga kiwanja chake sasa, juu ya usawa wa mafuriko, wakati uthamini unaendelea, ni nafuu kuliko kurudi baada ya miaka kumi kufidia watu wale wale kwa mara ya pili. Tena Rufiji, wakati Kibiti ingali sehemu yake, ilikwisha kuonyesha faida ya kupanga hivyo: katika mradi wa TEHIP, ulioanza miaka ya 1990, fedha za afya zilielekezwa kufuata mzigo halisi wa maradhi, na vifo vya watoto vikapungua sana.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 tayari inadai tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa. Katika tathmini hiyo, Mganga Mkuu wa Wilaya aulizwe zaidi ya idadi ya vyandarua kwa kambi ya mafundi na mashimo ya ujenzi yatakayofukiwa ili mbu wasizaliane. Apewe mchoro wa njia kabla mawe ya mipaka ya mkuza hayajapandwa, aweke juu yake kila zahanati, kila kituo cha afya, Hospitali ya Misheni ya Mchukwi na gati la Nyamisati, kisha aonyeshe wagonjwa wa delta wanashukia wapi. Kazi hiyo haizidi wiki moja.