Kimo cha kamioni hakiko kwenye karatasi zake

Kamioni inayotoka Kasongo kwenda Kabambare na Wamaza haina kimo kimoja. Ikiwa tupu, ina kile kilichoandikwa na kiwanda. Ikisha kupakia magunia ya mchele, bidoni za mawese, magodoro na pikipiki juu yake, kimo ni kingine. Kisha abiria wanapanda juu ya turubai, na kimo kinabadilika tena. Hakuna karatasi inayoonyesha hicho cha mwisho, na ndicho kinachoua.

Maniema inalijua jambo hilo tangu Novemba 2005. Kwenye njia ya reli inayofika Kindu, watu waliokuwa wamepanda juu ya paa la treni walifagiliwa wakati treni ikipita darajani. Wasiopungua 60 walikufa. Treni yenyewe ilikuwa na kimo cha kawaida. Kilichozidi ni watu, ambao hawakuhesabiwa katika kipimo chochote.

Kwa nini walikuwa juu? Treni ikikawia majuma, siku inapofika hakuna anayeuliza nafasi iko wapi. Barabarani ni vilevile: mwenye kamioni analipwa kwa kila gunia na kila kichwa, na mita moja zaidi ya mzigo ndiyo faida yake ya safari. Kumtaka apime ni kumtaka ajue hasara yake kabla ya kuondoka.

Kazi ya kupima si ngumu. Gari lisimame mahali tambarare, likiwa limepakiwa. Fito moja isimamishwe wima kando yake, nyingine ilazwe juu ya sehemu iliyo juu kuliko zote, halafu kamba ipime kutoka chini hadi hapo. Kontena la kawaida lina karibu mita 2,6, lile refu karibu 2,9. Likiwekwa juu ya gari ambalo sakafu yake iko mita 1,5 kutoka chini, moja linafika 4,1 na jingine 4,4. Tofauti hiyo huionekani kwa macho ukiwa kwenye usukani. Tena gari tupu huinuka kwa springi zake, hivyo lililopita likiwa na mzigo mzito linaweza kugonga likirudi bila kitu. Na daraja likiongezewa mbao sakafuni, nafasi ya juu inapungua hata kama kibao cha zamani bado kinasema namba ileile.

Kibao peke yake hakitoshi. Huko Durham, Marekani, daraja la reli lenye nafasi ya mita 3,56 liligongwa zaidi ya mara mia, pamoja na maonyo yote, hadi likainuliwa mwaka 2019. Dereva anaweza kusoma namba ya daraja. Ya gari lake asiijue.

Ni kweli kwamba madaraja mengi ya kusini mwa Maniema ni ya magogo au ya vyuma vilivyo wazi juu, na hapo hatari ya kwanza ni uzito. Lakini kimo hakiachi kufanya kazi yake. Mzigo ulio juu sana unaifanya kamioni iegemee kwenye kila shimo, na matawi yanayoinama barabarani hayamwonei huruma aliyeketi juu.

Nani apime? SNCC ina reli, Office des Routes ina madaraja, polisi wa barabarani wana filimbi. Katikati yao ziko barieri, ambako bidhaa huhesabiwa kwa makini sana inapofika saa ya kulipa. Kila barieri ina mti unaolazwa barabarani. Mti huohuo ukiinuliwa juu ya nguzo mbili, kwa kimo cha daraja la chini kuliko yote lililo mbele, unakuwa kipimo bila gharama ya maana.

Ugumu utaanza hapo hapo, gari likigusa mti. Atakayeteremshwa kwanza si gunia. Ni mama mwenye kuku na mtoto, aliyekwisha kulipa, na siku hiyo hakuna gari lingine la Wamaza.