Nambari ya malipo dukani: Chagua inayolinda mtaji na nyumba

Wazazi wengi wenye kibanda au duka huandika nambari yao ya simu kwenye kadibodi, wateja wakaanza kulipa. Ni rahisi na hakuna fomu ya kujaza. Shida huanza jioni. Pesa za mboga zimechanganyika na za nauli, chama na karo. Mtoto akiitisha za kitabu, zinatoka humo humo. Alfajiri hakuna za kwenda sokoni, na nyumbani kila mtu anashangaa, maana jana biashara ilikuwa nzuri.

Kwa hivyo, mzazi, kabla ya kuuliza ni njia gani ina makato madogo, uliza kwanza: pesa za biashara zitakaa peke yake?

Nchini Kenya, anayeuza vitu vya bei ndogo anaweza kuanza na Pochi la Biashara. Hutumia laini ile ile ya Safaricom, lakini pesa za mauzo hukaa kando na M-Pesa yako ya kawaida. Ada ya kutuma hulipwa na mteja, ila kiasi kisichozidi Sh100 hakina ada. Kwa anayeuza sukuma ya Sh30, hiyo yatosha. Tena mteja hawezi kurudishiwa pesa bila muuzaji kukubali.

Duka la unga, mafuta na sabuni lafaa zaidi Till. Hapa mteja halipi ada yoyote, na wengi hupenda hivyo. Muuzaji ndiye hukatwa asilimia 0.55 malipo yakizidi Sh200. Kwa Sh1,000, hiyo ni Sh5.50. Piga hesabu ya siku nzima uone kama faida yako inaibeba.

Mwenye chekechea au nyumba za kupangisha atafute Paybill. Mlipaji huandika nambari ya akaunti, iwe ya mwanafunzi au ya nyumba, hivyo hakuna kubishana mwisho wa mwezi kuhusu nani amelipa.

Swali la pili ni la familia: nani hubaki dukani? Likizo zikifika, watoto ndio huuza. Ikiwa ujumbe wa malipo huingia kwenye simu ya baba aliye kazini, mtoto hana budi kuamini anachoonyeshwa na mteja. Hapo ndipo matapeli hupitia, kwa ujumbe wa kughushi. Mwenye Till anaweza kusajili msaidizi ili simu iliyo dukani ipate taarifa. Kama hilo haliwezekani, mtoto apige simu kwa mzazi kabla ya kutoa bidhaa. Mfunze kwamba ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si malipo, na kwamba mteja mwenye haraka anaweza kusubiri dakika moja. Nambari ya siri asipewe, hata akiwa mwaminifu vipi. Si adhabu. Zikipotea, hatashukiwa.

Mwisho, njia yoyote utakayochagua haitasaidia ukihamisha pesa kila unapobanwa. Mketi mkubaliane, mama na baba, kiasi cha kutoa kwa matumizi ya nyumbani kila Jumamosi. Kinachobaki ni cha kununua bidhaa Jumatatu, hata kama mgeni amekuja.