Ndoto ikigoma, usimnunie mwenzio



Hivi karibuni shoga yangu mmoja kakosa kazi aliyoihangaikia miaka mitatu. Tangu siku hiyo nyumbani kwake hakukaliki, hasira zote zinamwishia mumewe. Nikamsimulia habari za Gene Shoemaker, na wewe leo nakusimulia.

Gene alikuwa mwanajiolojia Mmarekani, mtu wa nyundo na vumbi. Kule Arizona kuna shimo lenye upana wa zaidi ya kilomita moja, na wapo waliodai ni mlipuko wa volkano. Mwaka 1960 yeye na wenzake wakathibitisha kuwa lilichimbwa na kimondo cha chuma, kama kile chetu cha Mbozi, ila kikubwa mno. Lakini ndoto yake hasa ilikuwa kwenda Mwezini na nyundo yake. Mwaka 1963 akagundulika ana ugonjwa wa Addison, unaoathiri tezi zilizo juu ya figo. Safari ikafia hapo.

Angeweza kununa maisha yake yote. Badala yake akawafundisha wanaanga wa Apollo kusoma miamba, na wenzao walipotua Mwezini, yeye akawa kwenye televisheni akiwaeleza watu kinachoonekana. Mwanajiolojia aliyekuja kukanyaga Mwezi mwaka 1972 ni Harrison Schmitt, aliyewahi kufanya kazi chini yake. Hebu fikiria, kumwandaa mwenzio aende kule ulikotaka kwenda wewe!

Na mkewe je? Carolyn aliolewa mwaka 1951, akalea watoto watatu huku mzee akizunguka maporini. Watoto walipokua na kuondoka, yeye akiwa na miaka 51, akaanza kusaka nyota zenye mkia kwa kutumia darubini, bega kwa bega na mumewe. Akagundua 32! Moja waliyoiona mwaka 1993 pamoja na David Levy ilivunjika vipande, vikaipiga sayari ya Jupita Julai 1994, dunia nzima ikitazama.

Mwaka 1997 wakiwa kazini Australia walipata ajali ya gari. Gene akafariki, Carolyn akaumia ila akapona, akaendelea na kazi. Julai 1999 chombo cha Lunar Prospector kikaangushwa Mwezini kikiwa kimebeba sehemu ya majivu ya Gene. Carolyn aliishi hadi 2021, akafa ana miaka 92.

Shoga yangu akaguna: "Kwa hiyo na mimi nisubiri mpaka niwe majivu?"

Hapana, mama. Gene alikosa Mwezi, lakini hasira hakuileta mezani. Aliileta kazi, akamsogezea mkewe kiti, na mke akampita kwa nyota. Wewe mumeo yuko pale sebuleni, hajui kakosa nini. Nenda kaongee naye leo.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.