Kipimo cha Ngozi: Uvimbe Si Ugonjwa

Askari anapodungwa sindano ya kupima kifua kikuu, kisha baada ya siku mbili mkono ukavimba, si ajabu wenzake wakaanza kutenga kikombe chake. Tunaona yafaa jambo hili lielezwe, kwani hofu hiyo haina msingi.

Kipimo hicho huitwa Mantoux, kwa jina la daktari Mfaransa aliyekianzisha mwanzoni mwa karne ya 20. Hakionyeshi kama mtu anaumwa. Huonyesha kama mwili wake umekwisha kukutana na vijidudu vya kifua kikuu. Katika kila watu 100 waliovipata, huugua 5 hadi 10 tu maishani, na asiyeugua hamwambukizi mtu.

Katika miaka ya 1960, baharia mmoja wa meli ya kivita ya Marekani, Richard E. Byrd, aliugua kifua kikuu bila kutambuliwa mapema, na mitambo ikazungusha hewa ile ile vyumbani. Kipimo cha ngozi kilionyesha kwamba karibu nusu ya mabaharia wameambukizwa. Waliougua hawakufika kumi. Bweni la kambi na seli ya mahabusu havitofautiani sana na meli hiyo, ila sisi twaweza kufungua madirisha.

Kipimo husomwa baada ya saa 48 hadi 72. Mhudumu hupapasa na kupima upana wa sehemu iliyokuwa ngumu, wala si wekundu; ajisomeaye kwa macho hujidanganya. Kwa kawaida milimita 10 huhesabiwa kuwa dalili ya maambukizo, na kwa mwenye virusi vya Ukimwi milimita 5 zatosha. Chanjo ya BCG nayo yaweza kuleta uvimbe.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni mkono usiovimba. Polisi aliyemlinda mgonjwa wiki iliyopita aweza kupimwa leo asivimbe, kwa kuwa mwili huchukua hata wiki 8 kuonyesha. Kadhalika mwenye kinga dhaifu. Akikohoa wiki mbili, akitokwa jasho usiku na kukonda, asijitetee kwa mkono wake. Makohozi yapimwe na kifua kipigwe picha.

Aliyevimba naye huchunguzwa kwanza. Akionekana hana ugonjwa, aweza kupewa dawa ya kinga, kama vile isoniazidi kila siku kwa miezi 6, huku akiendelea na lindo lake.