Hema Si la Kwanza

Likizo ya mwezi wa Juni hukaribia, na hapa shuleni wenzangu kadhaa husema kwamba wangependa kuwaomba wazee wao wapige kambi usiku mmoja, jamaa nzima pamoja na watoto wadogo. Wengine huwacheka na kusema kwamba kambi ni jambo la watalii, kwa kuwa hema ni ghali. Mimi nawaunga mkono wenye nia hiyo, lakini naona kwamba pande zote mbili huanza hesabu mahali pasipofaa. Hema ni kitu kizuri, ila silo limlindalo mtoto wa miaka mitatu.

Kwanza ni maji. Wapendao kulala kando ya Ziwa Singidani wakumbuke kwamba maji yale ni ya chumvi. Heroe huyafurahia, lakini mtoto hawezi kuyanywa. Mimi hukadiria lita 5 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa, za kupikia na za kunawa mikono. Jamaa ya watu 6 yahitaji lita 30, yaani dumu moja na nusu la lita 20. Maji ya kunywa yachemshwe nyumbani.

Pili ni chandarua chenye dawa. Mbu aenezaye malaria huuma usiku, na ugonjwa huo huwadhuru zaidi watoto walio chini ya miaka 5. Chandarua hakingoji hema: fito nne na kamba zatosha, na pindo zake zichomekwe chini ya mkeka.

Tatu ni blanketi. Mji wetu uko juu, kiasi cha meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa Juni na Julai kila mtu aujua. Baridi ya ardhini ni mbaya kama ya hewani. Kwa hiyo tandikeni turubai, kisha magunia na mkeka, ndipo mlale. Mawe yetu makubwa huzuia upepo bila malipo, lakini chunguzeni kwanza nyufa zake, maana nyoka na nge nao huzipenda.

Adhaniye kwamba kambi yataka fedha nyingi na awafikirie jirani zetu Wahadzabe, ambao baadhi yao wako katika wilaya ya Mkalama. Tangu zamani jamaa zao zimehamahama na watoto wachanga, na akina mama hujenga vibanda vya matawi na nyasi kwa muda wa saa chache. Vyombo vyao ni vichache, lakini maarifa yao ni mengi.

Basi wazazi wetu, nawasihi mlale usiku mmoja uani kwanza. Kilichosahauliwa kitajulikana wakati mlango wa nyumba ungali karibu. Baadaye ombeni ruhusa kwa uongozi wa kijiji mtakakokwenda, chukueni tochi, na kila mtoto mdogo apewe mkubwa mmoja wa kumwangalia karibu na moto.

Si vema watoto wa Singida waujue mkoa wao kwa ramani ya ukutani tu. Hema likikosekana, nendeni. Maji, chandarua au blanketi vikikosekana, heri safari ingoje.